Masada ya Tekla

Siku hizi kijana akikimbia kutoka kwao hadi stendi hununua kopo la unga lenye picha ya mtu aliyevimba mabega. Zamani sisi tulikuwa na Tekla.

Tekla alikuwa mpishi wa kambi yetu ya wapasua mbao, juu kidogo ya Nyololo. Tulipasua kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini shimoni akimwagikiwa na vumbi la mbao. Jioni mikono haikuinuka hata kunawa uso. Hapo Tekla alitoka na sufuria yake. Masada, yale matunda ya porini yenye uchachu mtamu, aliyaokota mwezi wa pili na wa tatu, akayaanika hadi yakakunjamana kama masikio ya mzee. Aliyaloweka, akayaponda, akachuja, akatia asali na chumvi kidogo. Sharti lilikuwa moja: unakunywa umesimama, kisha unatembea mpaka jasho likauke. Aliyekaa kabla ya kunywa alinyimwa.

Hakuwa amesoma. Alikuwa ametazama mabega ya watu miaka kumi na miwili na kukumbuka alichokiona, kazi ambayo wenye vyeti wa leo inawashinda.

Mwaka 1976 mimi na Ambrosi, mwenzangu wa shimoni, tuliteuliwa kukimbia mbio ndefu kule Mbeya. Mchujo ulikuwa tarehe sita Julai, fainali kesho yake, Sabasaba. Wawili wa kwanza wangekwenda Dar es Salaam. Mtu wa kambi yetu hakuwahi kuitwa popote ila barazani kwa kesi. Tekla akapanda lori pamoja nasi, amepakata mfuko wa masada.

Msimamizi wa timu, Mwalimu Liberatus, alikuwa na glukosi yake ya pakiti.

"Mama, haya ni mashindano. Pombe ya kienyeji ungeiacha kambini."

"Ingekuwa pombe, mwalimu, ungekuwa umeshaimaliza."

Kwenye mchujo Ambrosi alimaliza wa tatu, mimi nikafuzu wa mwisho. Tekla akaja mbio na kikombe. Lakini kwenye kamba alisimama mzee Kasian, mtu wa kijijini kwa kina Ambrosi aliyehamia Mbeya zamani. Ambrosi, Mhehe aliyelelewa, akachuchumaa pale pale na jasho lake.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Mama hajambo? Mahindi mmevuna? Na ng'ombe yule mwenye jicho moja?"

"Wewe Ambrosi!" Tekla alipiga kelele. "Inuka! Salamu hazina mbio kesho, wewe unazo!"

Kijana hakuthubutu kumkatiza mzee. Alijibu mahindi, akajibu mvua, akajibu ng'ombe. Alipotaka kuinuka, mapaja yalikuwa yamekaza kama gogo bichi. Tulimwinua watu wawili.

"Basi," alisema Liberatus. "Tumekwisha."

Tekla akajaza kikombe. Kwa mara ya kwanza alivunja sharti lake, akamnywesha mtu aliyekwisha kukaa. Kisha akamtia bega na kuanza kumzungusha uwanja polepole. Mzee Kasian akavua koti, akashika bega la pili.

"Nimemfunga kwa salamu," alisema, "wacha nimfungue kwa miguu."

Walizunguka mpaka jua likazama, kila mzunguko kikombe. Alfajiri, katika baridi ile ya Mbeya, wakaanza tena.

Ambrosi alimaliza wa pili. Mimi nilikuwa wa tisa, na sijapata kuifurahia tisa kama ile. Sijui kama kilichomwinua Ambrosi ni tunda, asali, au ile mizunguko. Najua nilichoona: Liberatus akimfuata Tekla na kikombe chake mkononi.

"Mama, imebaki?"

"Kunywa umesimama, mwalimu."

Misada ya kambini, miti ya matunda yale, imekatwa kupisha misonobari, na hakuna aliyelia.

Mara ya mwisho nilimwona Tekla mwaka 1979, barabarani Nyololo. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori baada ya kupakia mbao kutwa, shati limeloa. Nikaanza kuchuchumaa nimsalimu. Akanidaka kiwiko kabla magoti hayajakunjika.

"Tembea kwanza."

Nikamsalimu nikitembea kando yake, salamu zote, hadi ilipoachana njia yake na yangu.