Filta ya Petroli na Mama Mkwe

Leo nimemwamkia mama mkwe nikiwa chini ya gari, mgongo mchangani!

Hiki kigari changu kikuukuu cha spoti, filta ya petroli imejificha juu ya tangi. Nikaapa: leo itatoka tu.

Nimeziba mpira wa petroli kwa kidole, klipu iko menoni, mara naona viatu vyake.

"Hikamoo, mama."

"Marahaba. Toka basi tuamkiane vizuri."

Nikaitema klipu. "Siwezi, mama, petroli itamwagika!"

"Haya, nakungoja unipeleke. Harusi ya Msambweni hainipiti."

Nikang'ang'ana mpaka vidole vikachubuka. Filta mpya ikaingia, gari likawaka! Mama akapanda, akafunga mlango.

Mke wangu akatoka ndani, amejipamba, amejifukiza udi.

"Na mimi?"

Jamani, viti ni viwili tu. Nishaurini upesi, wote wawili wananitazama.