Muhuri wa Maman Nadia

Maman Nadia alikuwa mwalimu wa kemia kwao Irani. Hapa Bruxelles tunasafisha naye mabureau, ofisi za watu, karibu na stesheni ya Gare du Nord, mwaka wa tisa huu, na kukamua tambara bado hajui. Ninamwambia, "Maman, hiyo si mutoto mchanga, ikamue!" Anacheka kidogo.

Wiki ya kura ya kwao hakucheka. Mama yake, miaka themanini na sita, alikuwa amelazwa kule, na yeye alitaka kumuona kabla hajafa.

"Nikipiga kura ubalozini, wananigongea muhuri katika kitabu changu cha kuzaliwa, kile cha kitambulisho," akaniambia. "Watu wanasema bila muhuri unaweza kusumbuliwa ukifika. Sijui kama ni kweli. Ninaogopa tu."

"Basi chagua mmoja, maneno yaishe."

"Mmoja gani, Maman Kahambu? Wanajiandikisha wengi, wakubwa wa dini wanawachuja, wanatuachia wale wanaowataka. Kisha wanatuambia: haya, chagueni!"

Bon, mimi mutu wa Butembo, kule Kongo, hilo lingenishangaza? Kwetu wengi walipanga foleni ya kujiandikisha, na kura hata hawaiwazi. Carte d'électeur, kadi ya mpiga kura, ndiyo kitambulisho. Bila hiyo, kwenye barrière ya askari utalala hapo. Nikamwambia, "Kamata muhuri wako, uende kwa mama." Nilisahau kitu kimoja: kwetu hakuna anayekutukana kwa kutafuta carte.

Ijumaa nikamsindikiza ubalozini. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya polisi, Wairani wenzao wanaoikataa kura hiyo walikuwa wanamzomea kila anayeingia: "Aibu! Aibu!" Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Taraneh, binti wa pekee wa Maman Nadia. Akamuona mama yake. Akampa mwingine kipaza sauti.

Maman Nadia akaingia. Alitoka na muhuri, kidole kina wino.

"Nimetia karatasi tupu, sikuandika jina la mtu," akasema.

"Vuka umwambie mutoto!"

"Mbele ya simu zote hizi zinazopiga picha? Nikionekana kule, muhuri hauna kazi tena."

"Alors, mpigie."

Akapiga. Tukamuona Taraneh anatoa simu mfukoni, anasoma jina, anairudisha. Akapiga tena. Safari hii hata hakuitoa.

Tukapanda bus.

Mwezi wa nane alisafiri, akamkuta mama yake angali anapumua. Airport nilimpeleka mimi peke yangu. Taraneh alikuwa na habari ya siku na saa. Nilimwandikia mimi mwenyewe, mara mbili.