Nasaba ya Jemadari Feruzi

Nilitoka Bagamoyo kwa sababu shemeji yangu Hamadi alikuwa amecheka. Alikwenda ng'ambo ya Wami kununua sandarusi, akamwona Jemadari Feruzi akianguka kutoka juu ya punda, akashindwa kujizuia. Akafungwa miguu kwenye mkatale. Siku zile pwani yote ilikuwa ya Sultani, kwa maneno. Ng'ambo ya Wami ilikuwa ya mwenye bunduki nyingi. Mke wangu akanitazama mimi, mwalimu wa chuo cha Kurani, kana kwamba nina jeshi.

Siku ya kwanza nilivuka Ruvu. Mvushaji aliniasa, "Mwalimu, usisahau kumwamkia. Punda wake alisahau, akachinjwa."

Siku ya tatu, adhuhuri, nikafika. Mtukufu alikuwa barazani, amekalia kiti cha marehemu bwana wake, amevaa joho la marehemu, linalomzidi urefu kwa shibiri nzima.

"Shikamoo," nikasema, mimi muungwana wa mjini.

"Marahaba." Alilionja neno lile kama halua.

Nikamwombea Hamadi; yeye akanisimulia maisha yake bila kuombwa. Alinunuliwa akiwa mtoto, akapewa kazi ya kumshikia bwana mwavuli. Alipokua akapewa bunduki, akaipiga vizuri kuliko wana wa nyumba ile. Bwana alipokufa kwa homa, askari waliuliza nani atawalisha. Feruzi ndiye aliyejibu. Kisha akamwoa mjane, bila shaka kwa mapenzi, askari wakiwa wameizunguka nyumba.

"Kimebaki kitu kimoja," akasema. "Niandikie nasaba, umchukue mchekaji wako."

Nikachonga kalamu. Nikampa baba liwali, babu kadhi, na juu yao wacha Mungu watano, wote wa Maskati. Kila mmoja alimpendeza.

"Na mama?" nikauliza, tayari kumpa binti wa mfalme.

Akaangalia viganja vyake.

"Alikuwa na jina," akasema. "Nilikuwa bado nalijua tulipofikishwa pwani. Halafu likanipotea."

"Tuandike Fatuma?"

"Hapana. Hapo paache wazi."

Hamadi alifunguliwa alasiri ile ile. Tulirudi polepole, yeye akichechemea. Tulipovuka Ruvu akaniuliza, "Haya, nichekeshe. Amekuwa mtoto wa nani?"

Nikamlipa mvushaji. Nilichojifunza katika safari ile hakinipi sifa: uongo wa vizazi saba ulinitoka kalamuni bila kusita, na mtu pekee aliyesema kweli pale barazani alikuwa Feruzi.