Jina la Domitila

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kufika Litembo, Modest alipata uwakala kwa mmoja wao, na mwaka haukuisha akawa na mke mwingine kule Mbinga mjini. Bonifasia akaenda mahakamani kudai talaka na binti yao wa miaka saba, Domitila.

Modest hakubisha. "Mtoto abaki naye, Mheshimiwa. Mimi naomba jina tu. Domitila ni jina la mama yangu, nataka nimpe binti yangu aliyezaliwa juzi."

Bonifasia alimgeukia mama mkwe wake. Miezi minne alimuuguza bibi huyo hospitalini, akimlisha uji kwa mkono wake mwenyewe. Alijua atamtetea.

"Jina ni langu," bibi alisema bila kumtazama. "Lirudi kwa mwanangu."

Hakimu alilikataa ombi hilo. Jina la mtoto, alisema, si mali ya kugawana.

Njiani mtoto aliuliza, "Mama, bado naitwa Domitila?"

"Ndiyo, mwanangu."

Lakini tangu siku ile jina hilo lilimkwama Bonifasia kooni. Alimwita mwanangu tu, hadi binti alipoolewa.