Keki Tuliyoipigia Magoti

Juzi nilimkuta mtoto wa dada yangu amepiga magoti mbele ya oveni, akichungulia keki kupitia kioo, nikacheka peke yangu.

Nikiwa mdogo kule Othaya, mimi na binamu yangu Wanjiru tulitazama mashindano ya kuoka kwenye televisheni ya jirani. Washindani walipiga magoti mbele ya oveni zao, nasi tukaamini wanaomba keki iumuke.

Shosho, nyanya yetu, alitupatia mayai mawili. "Mkiharibu haya, hamtagusa jiko langu tena," akasema, akaenda kuchuma chai.

Tulikoroga mpaka mikono ikauma. Tukaweka sufuria juu ya jiko la makaa, makaa mengine juu ya kifuniko, kisha tukapiga magoti na kufumba macho. Harufu ya vanila ilipotufikia, tukaomba kwa sauti.

"Ati mnaombea nani?" Shosho alikuwa mlangoni, kikapu mgongoni.

"Keki, Shosho! Iumuke!"

"Basi ombeeni na makaa ya juu. Yamezima!"

Akaongeza makaa, akapiga magoti, akapuliza. Tulidhani naye ameanza kuomba. Leo najua keki ya sufuria hutaka moto juu na chini.

Hatimaye akafunua. Keki ilikuwa imeumuka hadi ukingoni, imepasuka katikati! Tukashikana mikono. Shosho alikata kipande, akatafuna polepole, halafu akatuletea mayai mengine.

"Shikeni, mpike yenu," akasema. "Hii ni yangu."