Mawe ya Kivuko Chetu

Tarehe 4 Juni 1956 nilikuwa nimeketi barazani mwa shule, nikiandika kurasa mbili kuhusu kijiji chetu cha mpakani, kando ya Mto Sio, karibu na Busia. Ofisi ya wilaya ilikuwa ikiandaa kijitabu cha wageni, na mimi, niliyesoma chuo cha ualimu, nilitakiwa kueleza historia na vivutio.

Nilieleza wahunzi wa Kisamia waliofua majembe ya mahari. Nilieleza korongo wa mabondeni. Sikuridhika, mara tatu niliinuka, mara tatu nikarudi. Ndipo, katika ukurasa wa pili, nikaandika kuhusu kivuko. Kila bibi harusi aliyetoka ng'ambo alikuja na jiwe la kwao, akaliweka mtoni kabla ya kukanyaga ukingo wetu. Kwa mawe hayo tulivuka hadi upande wa Kenya.

Shangazi yangu, mjane aliyerudi kwetu huku shamba lake likibaki ng'ambo, aliuliza, "Umeliandika na lile linaloteleza? La bibi yako hilo. Amekufa, bado anaangusha watu."

Kabla mwezi haujaisha, askari walifika na mitaimbo, wakaanza kung'oa mawe. Karantini ya ng'ombe ilikuwa imetangazwa, na karani mmoja alikuwa amegundua kivuko kisichokuwa katika ramani. Alikisoma katika kurasa zangu.

Shangazi alimfuata askari mmoja majini. "Taratibu, baba. Huyo unayembeba ni mama yangu."

"Ni amri, mama. Ng'ombe wasivuke."

"Mimi nina ng'ombe? Nina wimbi shambani, huko ng'ambo."

Wimbi lenyewe lilikuwa limeiva. Kupitia darajani kulikuwa ni safari ya siku nzima, na kulihitaji kibali. Kila asubuhi tuliona ndege wakitua shambani, naye hakunilaumu hata mara moja. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hujawaandikia bado?" Niliandika, nikachana, kila sentensi ilinitetea mimi. Mwishowe, katikati ya Julai, nilipeleka hii:

"Bwana Mkuu wa Wilaya,

Kivuko mlichokifunga nilikionyesha mimi, kwa kujivuna. Shangazi yangu hana mfugo. Naomba aruhusiwe kuvuka majini kwa miguu kwa siku sita, avune wimbi lake lililobaki. Mkitaka dhamana, nizuieni mimi ukingoni hadi arudi. Na ukurasa wangu wa pili, tafadhali, msiuchapishe."