Jicho Lisilopimwa

Mafundi wa kiwanda cha uchapaji walimwita Bibi Kijivu, naye hakukasirika, maana jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Alikuwa mpiga picha wa bidhaa: vitambaa, sahani, viatu, chochote kinachouzwa kwa kutazamwa kwanza. Chumba chake cha kazi alikipaka kijivu kuta zote nne, na mwenyewe hakuvaa ila kijivu, kwa sababu blauzi nyekundu ikisogea karibu na sahani nyeupe, sahani huona haya.

Hakuzaliwa na ukali huo. Ujanani alipiga picha za mapazia ya rangi ya damu ya mzee. Kwenye kitabu cha bidhaa yakatoka kahawia, kama maini yaliyolala. Wanunuzi wakayarudisha, mwenye duka akampa kisogo. Mchapaji mmoja mtu mzima ndiye aliyemfungua macho.

"Mwanangu, skrini yako inakudanganya, nawe unaipigia makofi."

Akamfundisha kuisawazisha skrini kwa kifaa cha kupimia kila Jumatatu, kupiga picha ya kadi ya rangi kabla ya kila kazi, na kuuliza itatumika karatasi gani, maana kila karatasi hunywa wino kwa koo lake. Tangu hapo akala yamini: macho yaseme, kipimo kiamue.

Mumewe alivumilia miaka sita. "Nilioa mke, sikuoa wingu," alitania, hata siku moja akafunga mizigo bila utani. Dada yake aliishi mbali, akipiga simu Jumapili. Siku zilizobaki Bibi Kijivu aliongea na sahani. "Geuka kidogo, mama. Hapo hapo."

Alipotimiza miaka sitini na mmoja alipata kazi ya kampuni ya rangi za kuta. Alituma picha kiwandani, na siku ya pili fundi mtambo akampigia.

"Shikamoo, bibi. Hii nyeupe yako mbona ina ubuluu?"

"Marahaba. Angalia mtambo wako, mwanangu."

"Mtambo nimeupima. Faili lenyewe ndilo lina buluu."

Alikata simu akihema kwa hasira. Akapima skrini mara tatu. Kifaa kikasema haina kosa. Ndipo akakumbuka. Kwa muda mrefu sasa, kila kipimo kilipomaliza kazi yake, yeye aliiona picha ina manjano, akaongeza buluu kidogo kwa mkono wake. Yamini aliivunja mwenyewe, tone kwa tone. Katika chumba kile kizima, kitu kimoja tu hakijawahi kupimwa.

"Mtoto wa jicho," daktari alisema. "Macho yote mawili, mama. Huja polepole, mwenyewe asijue."

Walimpasua la kulia kwanza.

"Nani amekuja kukuchukua?" muuguzi aliuliza.

"Yuko nje," akadanganya, akatoka kutafuta teksi.

Bendeji ilipoondolewa, alisimama katikati ya chumba chake. Kwa jicho la zamani kuta zilikuwa kama chai iliyozidi maziwa. Kwa jipya, zilikuwa kijivu kilekile alichokichagua miaka thelathini nyuma. Akafumba hili, akafumbua lile, akacheka peke yake. Akageuka amwambie mtu, akakutana na stendi ya kamera.

Akampigia dada yake. "Dada, kijivu changu kimerudi!"

"Kijivu tu? Haya, tumshukuru Mungu. Dawa lakini unaweka?"

Asubuhi yake alimpigia fundi mtambo. "Mwanangu, kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

"Yamekwisha, bibi. Lete faili jipya tuchape."

Picha za kuta zikatoka safi. Ila alipofungua kazi zake za miaka mitatu, alikuta shuka, viatu na vikombe, vyote vimeingiwa na ubaridi wa buluu. Akawapigia wateja mmoja mmoja, akiomba kurudia bure. Mwenye duka la sahani alishangaa.

"Lakini mama, mbona zilikuwa nzuri tu? Hakuna hata mmoja aliyeona."

Alikusudia kumliwaza. Bibi Kijivu alishukuru, akaweka simu mezani. Maisha mazima akiilinda rangi, kumbe alikuwa akiilinda peke yake.

Kisha akavuta kiti, akafungua picha ya sahani ya kwanza, akaanza kuitoa buluu. Hakuna aliyeagiza wala aliyesubiri. Kazi ilimchukua wiki tano.